Tulisamehe Ujanja, Usiku wa Mwisho Ukatushinda

Kitabu kilinunuliwa soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili kwa shilingi 50, kikiwa juu ya turubai kati ya viatu vya mitumba na rundo la chaja za simu. Jalada lilikuwa limeshikiliwa na selotepu, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka zote. Muuzaji hakuficha. "Mwisho hauko, ndiyo maana ni hamsini," alisema. Aliyekinunua, mwenzetu mmoja mzaliwa wa Koru, alijibu kwamba hiyo si shida, akalipa, akakitumbukiza kwenye mfuko wa sukuma wiki.

Kitabu hicho kilitugombanisha sisi watu sita kwa Jumamosi tatu mfululizo, katika kibanda cha samaki karibu na Dunga ambako huwa tunakutana. Si chama rasmi. Kuna mwalimu mstaafu wa Kiingereza, nesi ambaye sote tunamwita Sista, karani wa mahakama, kijana anayetengeneza simu pale Kondele, huyo mwenzetu wa Koru, na mimi. Tunachagua kitabu, kila mtu anakitafuta kwa njia yake, kisha tunabishana hadi mbu watufukuze. Safari hii tulikuwa tumechagua The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie, kilichotoka 1926. Mwalimu alikuwa na nakala aliyotoka nayo chuoni. Kijana alisoma kwenye simu. Wa Koru, kama nilivyosema, aliokota chake Kibuye.

Nitamtaja muuaji, tena sasa hivi. Ambaye hajakisoma na angependa kukisoma akiwa gizani aishie hapa, ingawa kwa kitabu ambacho hata babu yake alikuwa na nafasi ya kukisoma, sioni kama nina deni kubwa.

Kijiji kinaitwa King's Abbot. Mjane tajiri, Bi Ferrars, amekufa baada ya kunywa dawa ya usingizi kupita kiasi. Alikuwa amemuua mumewe kwa sumu, na kuna mtu aliyeijua siri hiyo akawa anamkamua pesa ili anyamaze. Kabla ya kufa, mjane alimwandikia barua Roger Ackroyd, mwanamume aliyetarajia kumwoa, akimtajia jina la huyo mkamuaji. Usiku barua ilipofika, Ackroyd akachomwa kisu akiwa kwenye kiti chake, chumbani kwake. Mwanawe wa kambo, Ralph Paton, ametoweka na polisi wanamtafuta yeye. Jirani mpya kijijini ni Hercule Poirot, mpelelezi Mbelgiji aliyestaafu akaja kulima mamung'unya, na ambaye tunakutana naye mara ya kwanza akiwa amelirusha mung'unya moja kwa hasira likavuka ukuta na kumkosakosa mtu. Aliyekoswa ni Daktari Sheppard, daktari wa kijiji. Ndiye anayetusimulia hadithi yote. Ndiye anayemsaidia Poirot kupeleleza. Na ndiye muuaji.

Je, ni haki msimulizi mwenyewe kuwa muuaji? Wasomaji waligawanyika tangu kitabu kilipotoka, na hawajapatana. Mwaka 1928 mwandishi Mmarekani S. S. Van Dine alitoa kanuni 20 za riwaya ya upelelezi, mojawapo ikikataza msomaji kuchezewa hila yoyote zaidi ya zile ambazo mhalifu anamchezea mpelelezi. Mwaka uliofuata padri Mwingereza, Ronald Knox, alitoa amri zake kumi. Ya kwanza inasema mhalifu awe ametajwa mapema, ila asiwe mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kufuata mawazo yake. Ukiisoma amri hiyo utadhani padri aliiandika macho yake yakiwa kwa Daktari Sheppard. Dorothy Sayers, naye mwandishi wa upelelezi, alisimama upande wa pili: kazi ya msomaji ni kumshuku kila mtu, na aliyeshindwa kufanya kazi yake asimlaumu mwandishi. Mwaka 1945 mhakiki Edmund Wilson aliwacheka wote, akauliza katika kichwa cha makala yake nani anajali ni nani aliyemuua Roger Ackroyd. Inaonekana wanaojali ni wengi. Mwaka 2013 waandishi wa Uingereza wanaoandika riwaya za uhalifu walipiga kura, na kitabu hiki hiki kikatoka cha kwanza kuliko vyote vya aina yake.

Jumamosi ya kwanza nasi tulilipigania hilo hilo. Mwalimu alikuwa mkali. Yeye alilelewa na mpelelezi Bwana Msa na msaidizi wake Najum, tangu alipoisoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa 1960, na kwake msaidizi wa mpelelezi ni kiti cha msomaji. Unakaa pale, unaona anachoona, unashangaa anaposhangaa. Mwandishi akikigeuza kiti hicho kuwa mtego, alisema, amemkosea mgeni aliyemkaribisha mwenyewe.

Sista alimkumbusha vitendawili. Mtu anatega, mnajaribu, mnashindwa, mnampa mji. Anaenda Mombasa, anakula, anakunywa, anarudi na jibu. Sharti moja tu: jibu liwe lilikuwa limekaa ndani ya kitendawili tangu mwanzo. Nyumba yangu haina mlango, jibu ni yai, na ukilisikia unajipiga paji la uso kwa sababu yai umelishika kila asubuhi maisha yako yote. Mtu akienda mjini kwetu akala na kunywa, halafu akarudi kutuambia jibu ni gunia, tunampokonya mji. "Sasa swali langu, Mwalimu," Sista alisema, "hili lilikuwa yai au gunia?"

Hapo Mwalimu, ambaye namheshimu kwa sababu hata akiwa mkali hasomi kwa hasira, alifungua nakala yake na kututafutia mahali penyewe. Daktari yuko chumbani na Ackroyd. Mtumishi analeta barua. Ackroyd anaanza kuisoma, anafika karibu na jina, anasita, anasema atamalizia akiwa peke yake. Daktari anamsihi aisome sasa hivi. Ackroyd anakataa. Kisha daktari anatuambia hivi, na hapa nasimulia kwa maneno yangu: barua ililetwa saa tatu kasoro dakika ishirini, na yeye akaondoka saa tatu kasoro dakika kumi, barua bado haijasomwa. Akasita, mkono kwenye kitasa, akatazama nyuma akijiuliza kama kuna jambo ameacha bila kulifanya.

Mwalimu alivua saa yake ya mkono, akaiweka mezani kando ya chumvi. "Dakika kumi," alisema. "Asiseme mtu."

Tukakaa. Msichana anayetuhudumia alileta birika na beseni, tukanawa mmoja mmoja, akafuta meza. Akaleta ugali. Akarudi jikoni, akaja na ngege wawili wa kukaanga na kachumbari, akasahau pilipili, akarudi kuifuata. Boda mbili zilifika, moja ikaondoka na abiria. Karani alimaliza ubavu mmoja wa samaki wake akaugeuza wa pili. Mvua ilianza upande wa ziwa, ikaghairi. Dakika ya saba kijana aliangua kicheko, Mwalimu akamnyamazisha kwa kidole. Saa ilipofika, hakuna aliyehitaji kuambiwa neno. Kusihi barua isomwe kunachukua dakika moja, sema mbili. Hizo nyingine daktari amezimeza mbele ya macho yetu, na sisi tukageuza ukurasa.

"Yai," Mwalimu alisema, akaivaa saa yake.

Tangu hapo kesi ya ujanja kwangu ilifungwa. Daktari hakutudanganya kuhusu saa, mlango wala barua. Alitupa kila kipimo na kuacha shimo katikati, tena shimo lenye ukubwa unaojulikana. Kilichotulaza ni namna ya kuandika ambayo sisi watu wa Kenya tunaijua kuliko Waingereza wa 1926. Baadaye, mwili ukishagunduliwa na akibaki nao peke yake kwa muda mfupi, daktari anasema alifanya lile dogo lililohitajika kufanywa. Basi. Lile dogo lilikuwa kuficha mashine ya kunasa sauti aliyokuwa ameitega humo, na kurudisha kiti mahali pake. Mimi nimefanya kazi ofisini miaka ya kutosha kuitambua sentensi hiyo kwa harufu. Ni ndugu wa "hatua zifaazo zilichukuliwa", na ni binamu wa "hali ilidhibitiwa". Ukiona sentensi haina mtendaji wala kitenzi chenye mwili, kuna kiti kimesogezwa mahali. Msomaji aliyezoea kusoma taarifa za wakubwa na kuuliza nani alifanya nini saa ngapi hangepaswa kumpita daktari huyu. Tulimpita kwa sababu ni daktari, ni mpole, anamtania dada yake, na ndiye aliyeshika kalamu.

(Kuna wale wanaosema walijua tangu ukurasa wa tano. Kijana wa Kondele alikuwa mmojawapo, mpaka Sista alipoichukua simu yake akaona alichokuwa amekitafuta kwenye intaneti usiku uliotangulia.)

Ila kijana huyo huyo alitoa lawama ambayo wahakiki wakubwa hawaipi uzito, nami naiunga mkono nusu. Ili aonekane hakuwepo wakati wa mauaji, daktari aliacha mashine ya kunasa sauti ndani ya chumba, imetegwa ianze kusema baadaye, watu wapite nje ya mlango wasikie sauti ya Ackroyd na kudhani bado yu hai. Kijana alisema mashine ya miaka ile ingekwaruza kuliko redio yenye betri zilizochoka, na mtu mwenye masikio angetambua. Mwandishi alijikinga kwa kuweka mlango katikati, na kwa kumfanya Poirot agundue kwamba maneno yaliyosikika yalikuwa ya barua, si ya mtu anayezungumza na mwenziwe. Kinga hiyo inatosha kwa shida. Tusonge.

Jumamosi ya pili ndipo moto wenyewe ulipowaka, na haukuhusu ujanja hata kidogo.

Poirot anawakusanya wote sebuleni kwake, anawaambia muuaji yumo chumbani humo, na kwamba asubuhi ukweli unakwenda kwa Inspekta Raglan. Wengine wanaondoka. Daktari anabaki. Poirot anamfungulia kila kitu, dakika kwa dakika, kisha anampa nafasi. Kwa ajili ya dada yake, Caroline, mwanamke mwema asiye na kosa, kuna njia nyingine zaidi ya kamba: dawa ya usingizi, kipimo kikubwa. Sharti ni kwamba Ralph Paton asafishwe, kwa hiyo daktari amalizie maandishi yake na aseme ukweli wote humo. Daktari anarudi nyumbani, anaandika usiku kucha. Anatuambia atayatia maandishi yote ndani ya bahasha kwa anwani ya Poirot. Dada yake hatajua. Poirot na Inspekta watalipanga jambo hilo wao wawili. Kitabu kinaisha.

Sista alipiga meza, na si mtu wa kupiga meza. "Mimi nikikosea dawa ya mgonjwa usiku, hata kidonge kimoja, naandika maelezo, naitwa, nasimama mbele ya watu. Huyu mzee wa masharubu anamwelekeza mtu kwenye chupa, halafu tunamwita mpelelezi hodari?"

Karani alikuja kwa upande wake. Yeye hajali sana daktari amekufa vipi, anajali jalada. Ralph Paton amewindwa wiki nzima, jina lake limetajwa kila mahali. Tunaambiwa atasafishwa. "Mbele ya nani?" karani aliuliza. "Mtu hasafishwi ndani ya bahasha. Anasafishwa mahakamani, mlango ukiwa wazi, na mwandishi wa gazeti amekaa pale nyuma anachora chora."

Mwalimu ndiye aliyebaki kumtetea Poirot, na utetezi wake haukuwa mwepesi. Alituambia tusihamishe 2017 tukaipeleka 1926. Uingereza ya wakati ule muuaji alinyongwa, tena upesi, na kijiji kizima kingemnyooshea kidole Caroline maisha yake yote. Poirot hakumwachilia mtu. Alichagua kifo kimoja badala ya kingine na kumwokoa mwanamke mmoja. Aliutaja mwaka 2017 kwa kusudi, kwa kuwa ndio mwaka Mahakama ya Juu yetu ilipotamka kwamba hukumu ya kifo kuwa ya lazima kwa kila kosa la mauaji inakiuka Katiba. Hukumu yenyewe ingali kwenye sheria, ingawa mara ya mwisho mtu kunyongwa Kenya ilikuwa 1987. "Nyinyi mnasema mnataka kesi," Mwalimu alisema. "Semeni na mwisho wa kesi, basi."

Naungama nilimsikiliza na kuyumba. Ni hoja ya mtu mwenye huruma. Lakini nilipoirudia sura ile nyumbani niliona huruma hiyo inamlipa nani. Anayefaidika na ukimya ni daktari mwenyewe. Mwanamume aliyemkamua mjane mpaka akajiua, akamchoma kisu rafiki yake, akamsukumia mzigo kijana asiye na hatia aliyemwamini, anakufa kitandani kwake na heshima yake yote, daktari mpendwa wa kijiji aliyechoka na kazi. Bi Ferrars, aliyekwisha kufa, siri yake imeanikwa. Daktari siri yake inafunikwa. Na anayefunika ni yule yule ambaye kitabu kizima kinatuambia hapendi chochote kuliko ukweli.

Mwenzetu wa Koru hakuwa amesema kitu. Tukamuuliza. Akasema yeye hakuelewa tunagombania nini, kwa sababu nakala yake haina mambo hayo.

"Yako imeishia wapi?"

"Pale wanapokusanyika. Anawaambia muuaji yuko hapa ndani, kesho ukweli unakwenda kwa polisi. Basi." Akakoroga chai yake. "Nilidhani ndiyo imeisha."

Kijana alicheka. Sisi wengine hatukucheka, kwa kuwa tunajua huyu ndugu alizaliwa wapi na lini. Februari 1990 alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mwezi huo Dkt. Robert Ouko, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, alitoweka nyumbani kwake Koru, na mwili wake ukapatikana umechomwa moto kwenye kilima cha Got Alila, si mbali na nyumba hiyo. Polisi walianza kwa kudokeza kwamba alijiua. Kisha serikali ikamwita mpelelezi kutoka Scotland Yard, John Troon, Mwingereza halisi, si wa kitabuni, akaja na wenzake, wakahoji watu, wakaandika ripoti. Ikaundwa tume chini ya Jaji Evans Gicheru, watu wakakaa kando ya redio jioni kama wanaosikiliza mchezo. Novemba 1991 tume ikavunjwa kabla haijamaliza kazi. Aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru akashtakiwa, na mwaka 1994 mahakama ikamwona hana hatia. Baada ya uchaguzi wa 2002 Bunge nalo likaunda kamati yake. Mpaka leo hakuna aliyepatikana na hatia ya kumuua waziri huyo.

Mtu aliyekulia chini ya kilima hicho akisoma kwamba kesho ukweli utakwenda kwa polisi, kisha ukurasa ukakatika, haoni pengo. Anaona kitabu kilichoandikwa na mtu anayeijua dunia. Mwandishi wa Kiingereza hakukusudia hivyo hata kidogo, lakini turubai la Kibuye lilimhariri.

Wiki iliyofuata nilichukua nakala ya Mwalimu, nikapiga fotokopi sura za mwisho katika duka moja mjini, nikampa. Alizisoma ndani ya matatu akielekea Ahero. Jumamosi ya tatu alikuja amezikunja mfukoni mwa koti. Tulitaka kusikia atakuwa upande wa nani, wa Sista au wa Mwalimu. Hakuwa upande wa yeyote.

"Kwa hiyo wanaojua ni wawili," alisema. "Huyo Mbelgiji na huyo Inspekta."

"Na sisi," kijana alisema.

"Sisi tumeambiwa na nani?"

Hakuna aliyejibu upesi, kwa sababu jibu ni: na daktari. Kila kitu tunachokijua kuhusu usiku wa mwisho tunakijua kutoka kwa kalamu ile ile iliyomeza dakika kumi. Wa Koru akaendelea, bila haraka, kwamba kwao ukiuliza nani aliyemuua waziri, kila mzee ana jina lake. Wengine wana mawili. Si kwamba watu wanapenda uvumi. Ni kwamba jambo likishapangwa na wakubwa wachache ndani ya chumba, hata wakisema kweli, hutakuwa na njia ya kuipima.

Nilistaajabu, maana bila kujua alikuwa amegusa hoja ya Pierre Bayard, profesa Mfaransa wa fasihi ambaye pia ni mtaalamu wa uchanganuzi wa nafsi. Mwaka 1998 alitoa kitabu kizima akidai Poirot alikosea. Kwa Bayard, daktari hakuua. Alikiri ili kumfunika mtu, na mtu huyo ni dada yake, Caroline. Niseme wazi kwamba simfuati mpaka huko. Ushahidi wa Bayard ni mwembamba, na zile dakika kumi haziendi popote. Lakini mlango aliopitia ni halali, na aliyeuacha wazi ni Poirot. Angempeleka daktari mbele ya jaji, ahojiwe, mashine iletwe mezani, mashahidi waitwe, Bayard asingekuwa na kitabu. Maungamo yaliyoandikwa usiku, na mtu anayekaribia kufa, kwa ombi la mpelelezi, ili dada asiaibike: mletee wakili yeyote wa Kisumu maungamo ya namna hiyo uone atayafanyia nini.

Kwa hiyo naona wasomaji wa Ulaya na Marekani wamepoteza karibu miaka mia kwenye kesi nyepesi. Mwandishi alicheza haki nasi. Aliyecheza vibaya ni Poirot, tena si kwa kukosa akili. Alikuwa na ukweli wote mkononi, akaamua wenyewe kijijini hawauhitaji. Kumbe kijiji hicho ndicho kilichokuwa kimeshukiana wiki nzima, watumishi wakahojiwa, kijana wa watu akafichwa kama mwizi. Wangekaa na nani baada ya hapo? Wangemzika daktari kwa nyimbo, na kila mmoja arudi nyumbani na jina lake.

Sista yeye alikuwa na faraja ya aina yake, na aliitoa tukiwa tumeshaanza kukusanya mifuko. Alisema mpango wa Poirot haukuweza kufaulu. Caroline Sheppard ni mwanamke anayejua habari za kijiji kizima bila kuvuka kizingiti chake, kupitia muuza maziwa na wasichana wa kazi. Christie mwenyewe alimpenda sana, na alikiri kwamba huenda Bi Marple, yule bibi mpelelezi wa vitabu vyake vya baadaye, alichipuka kutoka kwake. Poirot alimtuma achunguze kama buti za Ralph Paton zilikuwa nyeusi au za kahawia.

"Mwanamke anayejua rangi ya buti za mtu," Sista alisema, "kaka yake afe ghafla, Inspekta na yule mzee wawe wananong'ona getini, na asijue? Alijua kabla ya mazishi. Pengine alijua kabla ya Poirot."

"Na akanyamaza?" karani aliuliza.

"Ni kaka yake."

Wa Koru alizitoa zile fotokopi mfukoni, akazinyoosha kwa kiganja, akanirudishia. Kitabu chenyewe alimwachia msichana anayetuhudumia, ambaye alikuwa ametusikia tukikitaja wiki baada ya wiki na akataka kujua kina nini. Bahati nzuri, kelele za jikoni na jina gumu la daktari zilikuwa zimemkinga na mengi.

Juzi nilipita pale peke yangu kwa chai. Amefika mahali Poirot anapoanza kukusanya saa za kila mtu kwenye orodha. Aliniambia amekwisha kumjua: ni yule mtumishi, Parker, kwa vile huonekana milangoni kila wakati. Akaniuliza kama amepata. Nikamwambia aendelee tu kusoma. Akauliza kama ni kweli mwisho haupo, nikasema ninao, akifika aniambie nimletee.

"Lakini daktari ni mtu mzuri," alisema, akinimiminia chai. "Huyo ndiye peke yake simshuku."

Nikaomba sukari.